Ini la Dale na Barua ya Kiwanda

Barua ilifika Jumanne moja ya Oktoba, mwaka 2013, imebanwa kati ya bili ya maji na tangazo la duka la matairi. Arlene Vukovich aliifungua hata koti hajavua. Aliisoma amesimama jikoni, akavuta kiti, akaketi, akaisoma tena tangu mwanzo.

Arlene alikuwa na miaka sitini na tatu. Thelathini na mmoja kati ya hiyo alikuwa ameitumia katika kiwanda cha sahani cha Tillbrook, pale pale Corrow, kando ya mto Ohio. Kazi yake ilikuwa kuzungusha mstari wa dhahabu kwenye ukingo wa sahani, kwa brashi nyembamba kama kope za mtoto. Siku alipoletewa kazini habari ya kifo cha mama yake, alimaliza kwanza dazeni iliyokuwa mbele yake, mkono umetulia tuli, ndipo akavua aproni akaenda kulia. Asubuhi ile ya barua hakumaliza hata kuifungua bili ya maji.

Barua ilisema hivi: mwaka ukiisha, Tillbrook nayo imemaliza kuwalipia wastaafu wake bima ya afya. Waliokwisha kufika miaka sitini na mitano, ambao wana bima ya serikali ya wazee, watawekewa fedha kidogo za kununulia bima ya nyongeza. Walio chini ya hapo waende kwenye soko jipya la bima, lile lililoletwa na sheria mpya ya afya. Sababu ilitolewa kwa sentensi moja, kwamba sheria hiyo “imewapa wastaafu wetu uhuru mpana wa kuchagua.”

Mumewe, Dale, alikuwa na miaka sitini na mmoja, na ini alilokuwa nalo tumboni halikuwa alilozaliwa nalo.

Alikuwa mtu wa tanuru. Miaka thelathini na minne aliingiza na kutoa mikokoteni ya sahani kwenye joto ambalo wengine hawakuweza kulisogelea. Ini lake liliharibika taratibu, kwa ugonjwa alioupata kwenye damu aliyoongezewa ujanani, na mwaka 2009 alikuwa amebakiza wiki chache aliposhonewa jingine katika hospitali ya Pittsburgh, upande wa pili wa mpaka wa jimbo. Tangu siku hiyo alitakiwa kunywa vidonge vya kuuzuia mwili usilikatae ini la mgeni, asubuhi na jioni, maisha yake yote. Operesheni, vidonge, vipimo vya damu vya kila mwezi, vyote vililipiwa na bima ya Tillbrook.

Dale aliporudi kutoka gereji, Arlene alimsogezea barua. Aliisoma akimaliza kuifuta mikono yake.

“Hawawezi,” alisema.

“Wameshaweza.”

“Mwaka tisini na nane tulisamehe nyongeza ya mshahara, Arlene. Miaka mitatu mizima hatukuongezwa hata senti. Kisa ni hiyo bima ya uzeeni. Mimi mwenyewe nilinyoosha mkono ukumbini.”

“Najua. Nilikaa nyuma yako.”

“Basi hawawezi.” Akaikunja barua, akaiweka chini ya kopo la sukari, kama kwamba ikikosa kuonekana itakosa nguvu.

Wiki iliyofuata wastaafu wa Tillbrook walikutana katika ukumbi wa chini wa kanisa la Mtakatifu Mathayo. Walikuja zaidi ya mia, wengine na magongo, wengine na mitungi ya oksijeni ya magurudumu, maana vumbi la udongo mweupe halimwachi mtu bure. Akina mama walikuwa wamepika tambi na kabichi, lakini masufuria yalipoa hayajaguswa. Mbele alisimama Roscoe Tibbs, aliyekuwa mwenyekiti wa chama cha wafanyakazi enzi zao, mtu mrefu mwenye sauti ya kubishana na mashine.

“Nimezungumza na wakili,” alisema. “Ameusoma mkataba wetu wote. Ukurasa wa arobaini na mmoja, kwa herufi za kutafutia miwani, imeandikwa kampuni ina haki ya kubadilisha au kusitisha. Tunaweza kushtaki. Kesi itachukua miaka minne, mitano. Nitaipigania. Lakini nawaambia ukweli kama nilivyowaambia siku zote: usingoje kesi kama una ugonjwa.”

Dale alisimama. “Kosa ni la hiyo sheria. Bila hiyo sheria yao, Tillbrook wasingethubutu. Wamepewa mlango wa kutokea.”

Wengi waliguna kumuunga mkono. Roscoe alimgeukia rafiki yake.

“Mlango wa kutokea wamepewa, sikukatalii,” alisema. “Lakini niulize swali moja, ndugu yangu, nawe unijibu mbele ya watu. Barua hii ingekuja miaka mitano iliyopita, kampuni gani ya bima ingekuuzia wewe bima, na ini la kushonewa? Wangekugusa hata kwa fimbo?”

Dale aliketi.

“Sasa sheria inawakataza kukukataa. Wanakuchukua na ini lako. Uichukie sheria, ni haki yako, lakini uichukie ukiwa na kadi mfukoni.”

Watu walicheka, lakini kicheko chenyewe kilikuwa kikavu. Dale alichukua kofia yake akatoka. Ndani ya gari alimwambia Arlene neno moja tu mpaka nyumbani: “Sijiandikishi.”

Arlene alidhani hasira zitapoa. Yeye mwenyewe akaanza kuhangaika na tovuti ya serikali ya kujiandikishia bima. Oktoba yote ilikuwa kama mlango wa duka lililofilisika. Ukibonyeza, unaambiwa subiri. Ukisubiri, unaambiwa kuna hitilafu, anza upya. Siku ilipokubali kumsikiliza ilimuuliza maswali ya kuthibitisha yeye ni nani, eti mwaka 1987 aliishi mtaa upi kati ya hii minne, na hakuna hata mmoja kati ya minne aliowahi kuishi. Akajibu hivyo. Tovuti ikamfungia. Jina lake likakwama mle ndani, haliendi mbele, halirudi nyuma.

Novemba ikapita. Jumatatu baada ya Sikukuu ya Shukrani msimu wa kuwinda kulungu ulifunguliwa, na kwa mara ya kwanza tangu waoane, bunduki ya Dale haikushuka ukutani. Alisema goti linamsumbua. Arlene alimtazama usoni akaona mpauko wa ngozi ambao hakuupenda, lakini akaambiwa goti, akaamini goti.

Tarehe tano Desemba simu ililia. Alikuwa muuguzi wa kliniki ya Pittsburgh.

“Mama Vukovich, majibu ya damu ya mzee yametoka. Kiwango cha dawa kimeshuka sana, na ini limeanza kulalamika. Je, anakunywa vidonge vyake?”

“Kila siku. Mbele ya macho yangu, na kahawa.”

“Na vya jioni?”

Arlene alizirudia jioni zao kichwani. Jioni alikuwa akiosha vyombo. Dale alikuwa akienda chooni na glasi ya maji.

Alikata simu akaingia bafuni. Hakutafuta sana. Nyuma ya kopo la sabuni ya kunyolea palikuwa na chupa ya haradali iliyooshwa vizuri, kifuniko kimekazwa, na ndani yake vidonge, vyeupe, vimejaa zaidi ya nusu. Aliketi ukingoni mwa bafu akiwa ameipakata. Alisikia mlango wa nyuma ukifunguliwa, buti zikikung'utwa theluji, na hakuinuka.

Dale alisimama mlangoni. Aliiona chupa.

“Unaweka akiba ya nini?” Arlene aliuliza. Sauti yake ilikuwa ya chini sana.

“Ya Januari.”

“Ya Januari.”

“Na Februari kidogo. Nilipiga hesabu. Nikinywa asubuhi tu...”

“Muuguzi amepiga simu. Ini limeanza kukataliwa, Dale. Unaniwekea akiba ya kuzikia?”

Aliegemea kizingiti. Kwa mara ya kwanza alionekana mzee. “Sikutaka wewe uhangaike. Nimekuona kwenye ile kompyuta. Unaongea nayo kama mwehu.”

“Basi ungekuja ukahangaika pamoja nami.”

“Siwezi.” Alisema polepole, kama mtu anayechomoa mwiba. “Nikijiandikisha kule, maana yake yamekwisha. Tillbrook wametudhulumu, na sisi tumekubali, tumepanga foleni kwa serikali kama watu ambao hawakufanya kazi siku moja maishani. Ile bima niliinunua, Arlene. Niliinunua kwa mshahara wangu. Nikienda kuchukua nyingine, nimewasamehe.”

Arlene aliinuka. Alimpita, akaenda jikoni, akaweka chupa mezani, akarudi na glasi ya maji.

“Usiwasamehe,” alisema. “Nani amekuomba uwasamehe? Wachukie mpaka siku ya kufa. Lakini jiandikishe. Hilo ini si lako peke yako. Kuna mama mahali fulani alimzika binti wa miaka ishirini na miwili, na kabla hajamzika akatia sahihi ini lake litolewe. Ukitaka kulitupa, nenda ukamwambie yeye, usiniambie mimi.”

Dale alikinywa kidonge. Hakusema atajiandikisha. Ila tangu jioni ile Arlene alisimama mbele yake mara mbili kwa siku mpaka ameze na kufungua kinywa, kama mtoto wa chekechea, naye hakubisha.

Kliniki iliongeza kipimo cha dawa, ikataka damu kila wiki. Sasa palikuwa na kalenda mbili zikikimbizana ndani ya nyumba: ya ini, na ya bima. Mtu aliyetaka kuwa na bima tarehe mosi Januari alitakiwa awe amejiandikisha kufikia tarehe ishirini na tatu Desemba.

Maktaba ya Corrow ilikuwa imeleta mtu wa kuwasaidia watu kujiandikisha, mwanamke mnene mchangamfu aitwaye Yolanda Beasley, aliyekuwa akiendesha gari kila siku kutoka Youngstown. Meza yake ilikuwa kati ya rafu za vitabu vya upishi. Arlene alikwenda kwake mara nne. Mara ya kwanza mtambo ulizimika. Mara ya pili walituma fomu ya karatasi, ikapotelea hewani. Mara ya tatu walifaulu angalau kuiona orodha ya bima za wilaya yao, na hapo Arlene akagundua shimo jingine.

“Hii ya bei nafuu,” aliuliza, “inaikubali hospitali ya Pittsburgh?”

Yolanda alivuta miwani. “Haikubali, mama. Inaishia mpakani mwa jimbo.”

“Na hii?”

“Nayo hivyo hivyo.”

Katika bima kumi na moja, moja tu ilivuka mpaka. Haikuwa rahisi, ila kwa punguzo la serikali na pensheni zao mbili waliweza, kwa kujibana. Yolanda aliipigia hospitali simu hapo hapo, akaipigia na kampuni ya bima, akawauliza wote wawili swali lile lile mara mbili mbili, akaandika majina ya waliomjibu. “Mimi simwamini mtu aliyeko kwenye simu mpaka nijue mama yake alimwitaje,” alisema.

Tarehe ishirini na tatu ikafika, Jumatatu, barabara zina barafu. Arlene alikuwa maktaba saa nne asubuhi. Jina lake bado lilikuwa limefungwa. Saa sita Yolanda alizungumza na kituo cha simu cha serikali kwa dakika hamsini, kisha akaweka simu mezani taratibu.

“Hawawezi kukufungulia leo. Lakini kuna njia. Tunaanza upya kwa jina la mzee, wewe uingie kama mkewe. Yeye ni jina jipya, hajafungiwa.”

“Basi tuanze.”

“Lazima yeye mwenyewe awepo, mama. Watamuuliza maswali yake, na atasema kwa kinywa chake kwamba anaomba. Siwezi kusema mimi, wala wewe.”

Maktaba ilikuwa inafungwa saa kumi na moja. Arlene alitoka nje kwenye baridi akampigia Dale. Simu iliita mpaka ikakatika. Akapiga tena. Mara ya tatu ilipokelewa.

“Dale, nisikilize. Wanakutaka wewe. Sauti yako.”

Alimsikia akivuta kiti.

“Sitakubembeleza,” alisema. “Nimechoka. Nipo hapa mpaka wafunge.”

Alirudi ndani, akaketi. Saa ya ukutani ikasogea mpaka saa tisa, ikasogea mpaka tisa na nusu. Yolanda aliwahudumia watu wengine wawili, kila mara akitupa jicho mlangoni. Saa kumi kasoro kumi mlango ulifunguliwa na Roscoe Tibbs akaingia, nyuma yake Dale, kofia mkononi. Gari la Dale lilikuwa limegoma kuwaka kwa baridi. Alikuwa ametembea karibu maili moja kwenye barafu mpaka kwa Roscoe, mtu ambaye hakuwa amesema naye tangu ule mkutano wa kanisani.

“Shemeji,” Roscoe alisema, “mzigo wako huu hapa. Amenuna njia nzima, lakini amefika.”

Dale aliketi mbele ya Yolanda. Alijibu maswali: alipozaliwa, gari alilowahi kukopea, mtaa aliokaa mwaka sabini na tisa. Skrini ikaganda mara moja, na wote wanne wakaacha kupumua. Ikarudi. Yolanda akaunganisha simu, sauti ya mwanamke wa mbali ikauliza kama yeye, Dale Matthew Vukovich, anaomba kwa hiari yake mwenyewe.

Dale alimtazama Roscoe, kisha mkewe.

“Naomba,” alisema. “Andika pia kwamba nilikuwa na nyingine, nikanyang'anywa.”

“Hapa hapana pa kuandika hilo, bwana,” ilijibu ile sauti.

“Nilijua.”

Saa kumi na dakika arobaini namba ya uthibitisho ilitokea. Mtunza maktaba alikuwa ameanza kuzima taa za upande wa magazeti.

Ungedhani yameishia hapo. Mwaka mpya ulipoingia hawakuwa na kadi. Walikuwa wamelipa mwezi wa kwanza, wana risiti, lakini kadi haikuja. Tarehe sita Januari, baridi kali kuliko zote zilizokumbukwa pale bondeni, Arlene alikwenda duka la dawa. Dozi mpya ilikuwa imemaliza hata vile vya chupa ya haradali. Vilibaki vya siku tatu. Mfamasia aliingiza jina, akaingiza tena, akatikisa kichwa. Kwenye mtambo, Dale Vukovich hakuwa mtu wa bima yoyote.

Arlene hakwenda nyumbani. Aliketi kwenye kiti cha kupimia shinikizo la damu, akapiga simu ya kampuni ya bima, akasikiliza muziki. Saa mbili alisikiliza muziki. Watu walikuja na vikohozi vyao wakaondoka. Simu ilipoanza kuishiwa chaji, mfamasia alimletea waya wake mwenyewe. Hatimaye alipokea kijana wa kiume, na Arlene akamwomba jambo moja tu.

“Mwanangu, usinikate. Mtafute kwa tarehe ya kuzaliwa. Achana na jina.”

Vidole viligonga kibodi.

“Nina Vukovitz, Dale, tarehe hiyo hiyo.”

“Ndiye. Mmembatiza upya, lakini ndiye.”

Dawa zilitoka saa nane na robo. Lakini ini lilikuwa limekwisha kuumia. Wiki ya tatu ya Januari macho ya Dale yaligeuka manjano na Roscoe akawapeleka Pittsburgh kwenye mvua ya theluji, gari likitambaa. Alilazwa siku kumi na mbili. Siku tatu za mwanzo madaktari walisema neno “huenda” katika kila sentensi. Dirisha la mapokezi lilipoomba kadi, Arlene aliitoa. Ilikuwa imefika siku mbili kabla, na jina lilikuwa limesahihishwa.

Ini lilishika. Halikuwa tena kama zamani. Dale hakurudi kwenye kulungu, na ngazi za gereji zikawa safari. Kesi ya Roscoe ilikwenda mahakamani ikashindwa kwa ule ukurasa wa arobaini na mmoja. Fedha ndogo walizowekewa wale wenye miaka sitini na mitano nazo Tillbrook walizisitisha miaka miwili baadaye, kwa barua fupi kuliko ya kwanza. Dale aliendelea kuilaani sheria kila Jumapili akiwa kwa kinyozi, na mtu akimuuliza bima yake inatoka wapi, alisema, “Inatoka kwenye hasira yangu.”

Kabla ya hayo, mwezi wa Aprili 2014, walikwenda kliniki kwa vipimo. Daktari alisoma majibu, akasema kiwango ni kizuri, warudi baada ya miezi miwili badala ya wiki mbili. Dale alimuuliza kama anaruhusiwa kuvua samaki. Aliruhusiwa. Alipotoka kwenda kumwambia mkewe, alimkuta kwenye kiti cha korido, mkoba mapajani, kichwa kimeegemea ukuta, amelala fofofo huku watu wakipita mbele yake. Tangu Oktoba hakuwa amelala hivyo.

Muuguzi alisogea ili amwamshe. Dale alimzuia kwa mkono.

“Mwache,” alisema. Akaketi kiti cha pili, akavua koti lake, akamfunika miguu, akangoja.